Bibi Titi Mohamed: siasa iliyotoka ngomani

Tarehe 8 Julai 1955 wanawake wapatao 400 walijaa ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilikuwa imetimiza mwaka mmoja na siku moja. Fedha zake zilikuwa za kuokoteza, gazeti lake halijazaliwa, na hata lingekuwepo, wengi wa waliokaa ukumbini siku ile wasingeweza kulisoma. Miezi mitatu baadaye hesabu ya wanawake wenye kadi ilikuwa imepita 5,000.

Wanaosimulia maisha ya Bibi Titi Mohamed huanza na sauti yake. Ni kweli alikuwa na sauti, na ulimi wake ulikuwa wa mjini hasa. Ila sauti husikika baada ya watu kufika, na swali langu ni hili: watu wale walifikaje? Ukilijibu hilo, hata mambo yaliyomkuta baada ya Uhuru yanaanza kueleweka.

Alizaliwa Dar es Salaam Juni 1926, katika familia ya Kiislamu ya Kimatumbi. Baba hakupenda binti asome shule ya serikali, mama ndiye aliyeng'ang'ania, akasoma miaka michache tu. Akaolewa akiwa na umri wa miaka 14 hivi kwa mume aliyemzidi sana umri, ndoa ikavunjika. Hadi hapo hakuna cha ajabu. Maisha ya wasichana wengi wa Kariakoo na Ilala wa wakati ule yalikwenda hivyohivyo. Jambo lililomtofautisha ni kwamba akawa manju. Aliimbisha katika kikundi cha ngoma cha wanawake, na kwa Dar ya miaka ya 1950 hicho kilikuwa cheo.

Msomaji wa leo akisikia "kikundi cha ngoma" atafikiria watumbuizaji wanaoitwa kumpokea mgeni rasmi. Vile vilikuwa vyama. Kikundi kilikuwa na viongozi wenye vyeo vyao, mtunza fedha, sare ya kanga iliyonunuliwa kwa pamoja, michango, na mpinzani wake wa mtaa wa pili ambaye lazima ashindwe kwa mavazi, kwa pilau na kwa mafumbo. Mwanachama akifiwa, wenzake wanakwenda kundi zima. Akioza binti, wanakwenda. Asipoonekana kwa wenzake ataulizwa, na asipokuwa na sababu ya maana naye siku yake atakaa peke yake na sufuria zake. Ni utaratibu wa kuhudhuria ambao chama chochote cha siasa kingeutamani, na ulikuwepo mjini miaka mingi kabla ya TANU.

Mwanzo wa habari yenyewe una kichekesho kidogo. Juni 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Kwa hakika hakukuwa na tawi la wanawake la kuonyesha. Wanawake wachache walikuwa na kadi, basi. Ikabidi atafutwe mtu haraka, na Schneider Plantan, mtu wa mji aliyejua nani ni nani, akaenda kwa Bibi Titi. Huyo ndiye aliyewekwa mbele ya mgeni kama kiongozi wa tawi la wanawake. Tawi lililotajwa kwa mdomo sasa lilikuwa na deni la kuwepo kweli.

Namna alivyolilipa deni hilo ndiyo sehemu ninayoiona tamu kuliko zote. Hakusimama njiapanda kuita mmojammoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, kila mmoja kwake, akawaomba wawaite watu wao. Ukimpata kiongozi umepata kikundi kizima, maana mwanachama akiitwa na kiongozi wake haulizi sana anaitiwa nini. Ujumbe hutoka kwa kiongozi saa za asubuhi, ukapitia kisimani, sokoni na ukumbi wa nyumba ya Kiswahili ambako wapangaji wanasukana, na ikifika alasiri mtaa mzima unao. Wapinzani wa ngomani nao wakaja, kwa sababu hakuna kikundi kingekubali kusikia kwamba wenzao walikwenda Arnautoglo wao wakabaki. Ushindani uleule wa kanga na mafumbo ukageuka ushindani wa kuingiza wanachama. Pamoja naye walikuwepo kina Tatu binti Mzee na Hawa binti Maftah, wanawake ambao majina yao yanafahamika kwa wanaofuatilia historia ya TANU ya Dar na karibu hayafahamiki kabisa nje ya hapo.

Sasa angalia waliokuja ni nani. Wauza vitumbua na maandazi, wauza samaki, wapika pombe, wenye chumba kimoja au viwili vya kupangisha. Wengi walikuwa watu wazima, wengine wameachika na hawakuwa na nia ya kuolewa tena. Waliosoma, walimu na wauguzi na wake za makarani, hawakuonekana kwa wingi, na wala si kwa kukosa uzalendo. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Mwalimu aliyeshikwa na kadi ya TANU alihatarisha mshahara, na mke wa karani alihatarisha mshahara wa mumewe pamoja na nyumba ya serikali wanamolala. Mpika vitumbua je, utamwandikia barua ya kumfukuza kazi wapi? Kikaango ni chake, unga ni wake, wateja ni jirani zake. Bibi Titi alijenga jeshi lake kwa watu ambao serikali haikuwa na mkono wa kuwabana, na aliwajua kwa majina kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Kuuza kadi, kukusanya michango, kuwapikia na kuwalaza wageni wa chama kutoka mikoani, kufikisha habari ya mkutano, kuficha kadi za watu walioogopa kuziweka ndani kwao. Kadi iliyofichwa kwa mama muuza samaki ilikuwa salama kuliko iliyokaa kwenye mkoba wa karani. Wanawake walitoa hata mapambo yao kuchangia safari na mahitaji ya chama, na anayejua maana ya bangili kwa mwanamke wa pwani anajua kwamba hapo walitoa akiba ya maisha: hiyo ndiyo huuzwa siku ya ugonjwa na siku ya talaka.

Mambo hayakunyooka kila mahali. Chini ya sheria ya vyama ya mwaka 1954 kila tawi lilipaswa kuandikishwa, na serikali iliweza kukataa. Usukumani matawi ya TANU yalizuiwa kwa miaka kadhaa. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali, na kibali kilitegemea afisa aliyeamka vipi siku hiyo. Tena kulikuwa na waume. Mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya kutoka, na mkutano wa jioni wenye wanaume wasio ndugu haukuombewa ruhusa kirahisi. Wingi wa wasioolewa na walioachika katika zile siku za mwanzo unatokana na hilo zaidi ya jambo lingine lolote. Ngoma ilisaidia hapa pia, kwani mume aliyezoea kusikia "nakwenda ngomani" alikuwa ameshakubali nusu.

Jukwaani Bibi Titi alihutubia kama anavyoimbisha manju. Anatoa neno, anaacha nafasi, umati unaitikia. Anarudia neno kwa mkunjo mwingine, mwitiko unapanda. Hoja aliyowapa wanawake ilikuwa moja na haikuhitaji kitabu: wanaume hawa wote wanaotaka uhuru, na hao wanaowatawala pia, wamezaliwa na wanawake, basi mwenye kuizaa dunia hawezi kuambiwa kwamba mambo ya dunia hayamhusu. Mwanamke asiyejua katiba wala Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa aliielewa papo hapo. Wapo wanaoidharau hoja hiyo leo, eti inamrudisha mwanamke kwenye uzazi. Wamesahau ilitolewa kwa nani. Ilimpa mtu sababu ya kukaa kwenye mkutano akitumia sifa ambayo hakuna mume, shehe wala DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, angeweza kumnyang'anya.

Akazunguka na Mwalimu Nyerere mikoani, na kule jambo lililowashangaza watu lilikuwa kumwona mwanamke aliyejitanda kanga akipanda jukwaa na kuongea kabla ya wanaume. Wengine walikuja kuangalia kioja wakaondoka na kadi.

Kuna jambo moja la miaka hiyo halisemwi vya kutosha. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama itashiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Chama kikakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakuridhika akajitoa kuanzisha African National Congress. Mjadala wa Tabora unakumbukwa kwa suala la rangi. Lakini haki yenyewe ya kupiga kura ilikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo, na ukiyapima masharti hayo kwa mama muuza maandazi utaona kwamba wengi wa waliokijenga chama kwa miguu yao hawakuweza hata kujiandikisha. Walifanya kampeni ya uchaguzi usiowahusu. Uchaguzi uliofuata, wa 1960, TANU ikapata viti 70 kati ya 71, na Desemba 9, 1961 Uhuru ukaja.

Hapo ngoma ikabadilika mpigo. Wizara huendeshwa kwa jalada, na Bibi Titi alikuwa mtu wa kuonana. Aliingia bungeni, akawa waziri mdogo aliyeshughulikia maendeleo ya jamii, na mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huohuo, Julai 31, jumuiya ya wanawake wa Afrika nzima ilizaliwa Dar es Salaam, na ndiyo maana siku hiyo mpaka sasa ni Siku ya Mwanamke wa Afrika. Kwa nje ulikuwa ndio upeo wake. Lakini UWT ilichukua pia nafasi ya vyama vya kikoloni vya wanawake, kama lile Baraza la Wanawake lililoanzishwa na mke wa Gavana Twining mwaka 1951, vilivyofundisha kushona, kupika na kulea watoto. Kidogokidogo kazi za UWT nazo zikaelekea huko: madarasa, miradi, semina, na waliosoma ambao mwaka 1955 hawakuweza kuthubutu sasa walikuwa huru kujiunga, tena walikuwa na sifa za kuandika ripoti. Siwalaumu, waraka wa 1953 ulikuwa umekufa. Ila mwanamke aliyejua kuujaza ukumbi aligundua kwamba kumbi sasa zinajazwa kwa barua ya mkuu wa mkoa.

Barua zenyewe zilikuwa za Kiingereza. Mwalimu alilihutubia Bunge kwa Kiswahili Desemba 1962, lakini maofisini lugha ya jalada ilibaki ya mkoloni kwa miaka kadhaa. Amri ya kutumia Kiswahili katika shughuli za serikali ilitolewa na Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, mwaka 1967. Mwaka huo Bibi Titi alikuwa anaondoka.

Kabla ya kuondoka alishindwa uchaguzi. Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, na taratibu zake zilikuwa mpya kwa kila mtu. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, wakazungushwa pamoja kwenye mikutano iliyoandaliwa na chama. Hakuna kuzungumzia kabila, dini wala rangi, hakuna kampeni ya mtu binafsi. Mawaziri 2 na mawaziri wadogo 6 walianguka, na Bibi Titi, aliyegombea Rufiji, alikuwa mmoja wa walioanguka. Waswahili wanasema mcheza kwao hutunzwa. Kwao ni Dar. Rufiji hakuwa na vile vikundi, hakuwa na kiongozi wa kumwendea mlango kwa mlango, na kwenye jukwaa la pamoja manju hapewi nafasi ya kuitikiwa. Bila shaka kulikuwa na mambo mengine ya jimbo lenyewe, lakini ramani inaeleza mengi.

Kisha likaja Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa, Februari 5, 1967. Masharti ya uongozi yalikuwa mafupi na wazi: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki jambo lolote la kibepari au la kikabaila, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na Azimio likafafanua kwamba kiongozi maana yake ni mwanamume pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe, ili mtu asijifiche nyuma ya jina la mwenzake.

Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Akajiuzulu.

Wengi humaliza habari hiyo kwa kusema alipenda mali kuliko ujamaa. Ningependa tuitazame nyumba yenyewe kwa karibu. Nyumba ya Kiswahili ya Dar ni vyumba sita hivi, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani kuna jiko na choo. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vingine anapangisha kwa mwezi. Kwa mwanamke asiye na cheti na asiye na uhakika wa ndoa, nyumba ya namna hiyo ilikuwa pensheni yake, bima yake na kinga yake siku ya talaka. Katibu wa wizara aliyesoma, akiambiwa achague kati ya nyumba ya kupangisha na cheo, huacha nyumba, kwa sababu cheti chake kitamlisha hata cheo kikiondoka. Cheo cha Bibi Titi kilikuwa kimeshaonyesha Rufiji kwamba kinaondoka. Sharti lililoandikwa kumzuia mwenye maghorofa lilimkuta pia yule ambaye ukuta wa tope na bati ndio ulikuwa akiba yake. Mtu anaweza kuliunga mkono Azimio, kama wengi tulivyofanya na wengine bado tunafanya, na bado akakiri kwamba halikupima uzito wa nyumba kwa mwanamke na kwa mwanamume sawasawa.

Oktoba 1969 akakamatwa. Mashtaka yalikuwa ya uhaini, kesi ya kwanza ya aina hiyo nchini, iliyodai kuwepo njama ya kuipindua serikali kati ya Machi 1968 na Oktoba 1969. Mhusika mkuu aliyetajwa, Oscar Kambona, aliyewahi kuwa waziri na katibu mkuu wa TANU, alikuwa London tangu 1967. Kizimbani alikuwemo Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri wa kazi, pamoja na maofisa wa jeshi. Shahidi mzito wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo wa chama cha PAC cha Afrika Kusini, aliyejifanya anashirikiana nao huku akitoa habari serikalini. Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mzaliwa wa nchi za Karibi, aliisikiliza kwa siku 127. Bibi Titi alikana. Hukumu ilitoka mwanzoni mwa 1971: kifungo cha maisha.

Alipokuwa kifungoni mumewe alimwacha. Mwaka 1972 Rais akamsamehe, akarudi Dar es Salaam, na ukimya ukaanza. Vitabu vya shule viliweza kueleza harakati za Uhuru ukurasa baada ya ukurasa bila jina lake, na kizazi kizima kikakua kikidhani TANU ilijengwa na wanaume wenye kofia na fimbo. Mabadiliko yalionekana mwaka 1991, taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama lilipomtaja tena miongoni mwa mashujaa. Alifariki Novemba 5, 2000, hospitalini Johannesburg.

Barabara yenye jina lake inapita ukingoni mwa Mnazi Mmoja, inakatana na Uhuru na Morogoro, na kutoka hapo hadi Arnautoglo ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Kwenye kona zake, asubuhi na mapema kabla foleni haijashika, wapo akina mama wenye ndoo zenye mifuniko na karatasi za kufungia. Wanauza vitumbua.